Jumatatu Tano za Tambur

Farasi alikuwa anachechemea. Hakuwa na kidonda, mguu haukuvimba, hapakuwa na mwiba, na hakuna mtu mjini Kamina aliyejua sababu.

Jina lake lilikuwa Tambur, farasi mwekundu wa idara ya mifugo. Aliyempanda alikuwa Stanislas, muuguzi wa mifugo, aliyezunguka vijiji vya upande wa Kaniama kuchanja ng'ombe. Masika yale ya mwaka 1953 barabara zilikuwa tope tupu. Baiskeli ilizama. Farasi alipita.

Binti yake Augustine, wa miaka kumi na miwili, alikuwa na kazi mbili kila asubuhi kabla ya shule. Alisafisha kwato za Tambur kwa ndoana ya chuma, kisha akampimia kopo moja la pumba. Kopo moja na majani, baba yake alikuwa amesema, wala si zaidi. Ugonjwa ulipoanza alipewa kazi ya tatu: kuandika kila jioni katika daftari jinsi farasi alivyotembea, kwa sababu mwandiko wa Stanislas ulikuwa mbaya na daktari wa mifugo aliyekaa Elisabethville alitaka taarifa.

Stanislas alijaribu kila alichokijua. Alimkanda mguu kwa maji ya chumvi. Alibadilisha tandiko. Alimfunga bendeji, akaifungua, akaifunga tena mguu mwingine. Mara Tambur alionekana kuumia kulia, mara kushoto. Kufika Alhamisi alikuwa nafuu, Jumamosi alikuwa mzima kabisa, na Stanislas akatangaza kwamba mambo yamekwisha. Jumatatu ilipofika alitandika, akapanda, na kabla ya kufika kwenye njia ya reli alihisi hatua fupi fupi chini yake. Alishuka, akarudi nyumbani kwa miguu akimvuta farasi, na watu wakimtazama.

Alimwita Albert, fundi wa chuma aliyejifunza kazi katika karakana ya reli. Albert alimvua farasi viatu vya chuma vya mbele, akagonga kwato kwa nyundo ndogo, akatazama, akavirudisha, akachukua kuku wake wa malipo. Wiki iliyofuata alivivua tena, akachukua kuku mwingine.

"Mimi sioni kitu," alisema. "Kwato za mbele ziko na moto kidogo, njo vile tu. Labda amechoka na kazi ya Leta, ya serikali, kama weye."

Stanislas hakucheka. Alisema joto lile ni la jua.

Shuleni nako hapakuwa na amani. Marc, mtoto wa jirani, alitembea mbele ya wenzake kwa kuinua kisigino. "Farasi ya kwabo iko na funza," alisema. "Augustine, lete pini, tumutoboe." Augustine alimrushia kipande cha chaki, akapewa adhabu ya kufagia darasa, yeye na si Marc.

Kisha barua ikaja. Augustine ndiye aliyemsomea baba yake. Daktari angefika Kamina baada ya siku kumi na mbili. Mnyama asiyefanya kazi, barua ilisema, hawezi kulishwa na idara. Kama Tambur hatapona, atapigwa risasi. Stanislas aliichukua barua, akaikunja ndogo sana, akaiweka mfukoni.

Kuna kitu kimoja ambacho Augustine hakukiandika kwenye daftari.

Kila Jumamosi mama yake, Mwadi, alichuja pombe ya mahindi ya kuwauzia wafanyakazi waliokuwa wakijenga Base, kambi kubwa ya jeshi. Machicha yaliyobaki yalikuwa ya mbuzi. Augustine aliyabeba kwenye beseni, lakini hakufika kwa mbuzi. Aliona aibu kwamba farasi, aliyembeba baba yake siku nzima, anakula kopo moja la pumba kama kuku. Tambur aliyapenda machicha. Alinenepa shingo, na majirani wakamsifu. Alipoanza kuchechemea, Augustine alimwongezea. Kwao mgonjwa halali na njaa. Na kadiri alivyochechemea ndivyo beseni lilivyojaa.

Baba yake alipouliza, "Anakula nini?" alijibu, "Majani, na kopo moja." Mara ya kwanza aliogopa kidogo. Mara ya tano aliogopa sana, kwa hiyo akaendelea kusema hivyo hivyo.

Jumapili moja baada ya misa, ikiwa zimebaki siku nne daktari afike, Stanislas alikaa barazani na daftari. Alisoma polepole, kidole kwenye mstari. Jumatatu, anachechemea. Alhamisi, nafuu. Jumamosi, mzima. Jumatatu, anachechemea. Alihesabu Jumatatu nne. Ya tano ilikuwa kesho. Aliinuka, akaenda kumtazama Tambur. Tayari alikuwa anainua mguu mmoja, anaushusha, anainua mwingine.

Alimwuliza Mwadi kuna kazi gani hapa nyumbani siku ya Jumamosi isiyofanyika siku nyingine. Mwadi alimjibu kwamba anaijua vizuri, maana anainywa. Machicha je, yanakwenda wapi? Kwa mbuzi, Mwadi alisema, Augustine anayapeleka.

Stanislas aliwatazama mbuzi. Mbavu zao zilihesabika.

"Augustine," alisema. "Machicha iko wapi?"

Augustine angeweza kusema tena kwamba mbuzi wamekula. Alimtazama Tambur.

"Nilimupa Tambur, tata."

"Tangu lini?"

"Tangu mama alianza kupikia bantu ya Base."

"Na vile alianza kuumwa?"

"Nilimwongezea. Mugonjwa anapashwa kula."

Stanislas alikaa chini. Alikumbuka ng'ombe wawili wa Kaniama waliovunja ghala na kula mahindi usiku kucha. Kesho yake walitembea kama wamekanyaga makaa. Alikuwa amewatibu mwenyewe, kwa mikono yake, na hakukumbuka mpaka sasa. Alieleza kwa sauti ndogo: nafaka nyingi inamzidi mnyama, ubaya wake unashuka kwenye miguu, nyama iliyo ndani ya ukwato inavimba, na ukwato ni mgumu, haupanuki. "Kama weye unavaa kiatu kidogo na mguu imevimba," alisema. "Nje hakuna kitu cha kuona."

Jioni ile ile walimpeleka mtoni, wakamsimamisha kwenye tope baridi. Asubuhi tena. Hakupewa machicha wala pumba, majani makavu tu. Jumatatu alichechemea, Jumanne alichechemea, na Augustine aliandika yote mawili.

Daktari alipofika, Stanislas hakumweleza kitu. Alimwambia Augustine asome daftari, pamoja na mstari wa machicha uliokuwa haupo. Augustine alisoma yote. Daktari alizishika kwato za mbele, akauliza machicha yalikuwa kiasi gani, akatoa mwezi mmoja. Risasi ikasubiri.

Tambur alipona. Siku alipopita kwenye barabara ngumu ya stesheni bila kufupisha hatua, Stanislas alimwita binti yake.

"Kumupa chakula, hiyo ilikuwa huruma," alisema. "Ningekusamehe siku ile ile. Lakini niliuliza wiki nne. Farasi hana namna ya kusema. Mdomo wake ulikuwa weye, na weye ulidanganya. Sasa andika hesabu, usiache mstari."

Augustine aliandika. Siku arobaini na tatu farasi hakutandikwa. Kuku wawili wa Albert. Jozi moja ya viatu vya baba, iliyokwisha kwa kutembea. Vijiji vinne vilivyochanjwa kwa kuchelewa siku tisa. Katika kijiji cha mwisho chambavu, ugonjwa unaoua ndama, ilifika kabla ya sindano.

Mama Agar, mjane wa kijiji hicho, alikuwa na ndama watano. Amebaki na wawili.