Pumzi Chini ya Kizibo

"Chukua ile chupa kubwa," Mama aliniambia nikitoka kwenda kununua mvinyo wa harusi, jua likizama. "Wakwe waone."

Kesho yake mdogo wangu alikuwa anaolewa. Mimi ni mhudumu wa hoteli, kumimina mvinyo ndiyo kazi yangu, na chupa kubwa naijua: maringo matupu. Inameza chupa nne za kawaida, inamvunja mkono anayemimina, na ukishaifungua lazima iishe. Nilishaamua kununua za kawaida. Mama angenuna, halafu angenyamaza.

Duka lilikuwa jipya mtaani. Ndani kulikuwa na baridi, na harufu fulani... kama mdomo wa mtu aliyelala na njaa.

Muuzaji, mama wa makamo mwenye glavu nyeupe, hakuniuliza ninataka nini. Chupa kubwa ilikuwa tayari kwenye kaunta.

"Ya bibi harusi," alinong'ona. "Alikuja mchana, akaichagua mwenyewe."

"Nipe za kawaida, mama. Katoni moja."

"Za kawaida huzeeka haraka, dada. Kubwa huchelewa." Akagusa shingo ya chupa, pale penye nafasi kati ya mvinyo na kizibo. "Siri iko hapa. Mvinyo mwingi, hewa kidogo."

Nikainama nitazame.

Kioo kikaingia ukungu.

Ukungu ukaondoka.

Ukarudi tena... kwa ndani.

Simu ikalia, nikaruka. Alikuwa Mama. "Mwanangu, rudi! Mdogo wako hapumui vizuri! Tangu atoke huko dukani anahema tu, na sasa midomo imebadilika rangi!"

Nyuma ya sauti yake nilimsikia. Hhh... hhh... Alipovuta, ukungu uliondoka. Alipotoa, ukarudi.

"Umemfanya nini?" nilimuuliza muuzaji.

"Nilimpa chupa tupu apulize mdomoni, asikie inavyovuma. Nani asiyependa mchezo huo? Akapuliza. Nikajaza, nikaziba." Alitabasamu. "Mkiinywa wote kesho, hatazeeka kamwe. Ukiiacha, pumzi zake zitakaa hapa. Chagua."

Niliogopa, sitaficha. Lakini hasira ilipanda ikaupita woga. Mtoto huyu nimembeba mgongoni Mama akiwa kazini, nimempangusa makamasi, nimemfundisha kusoma. Leo mtu aje na glavu zake anipangie bei ya pumzi zake?

Mhudumu hatembei bila kizibuo. Nikakichomoa mfukoni.

"Haifunguliwi hapa!" Kwa mara ya kwanza alipaza sauti. "Hapa tunauza, hatunyweshi!"

"Kanishtaki."

Nikazungusha. Nikavuta.

Po!

Hewa ya vuguvugu ikanipita shavuni, ikinukia peremende anazotafuna mdogo wangu. Kwenye simu nikasikia kikohozi, kisha pumzi moja ndefu, kisha Mama analia kwa furaha.

"Dada?" mdogo wangu aliita. "Uko wapi?"

Ningekimbia. Mwenye akili timamu angekimbia. Lakini niliinua macho kwenye rafu nyuma ya kaunta. Chupa kubwa zilikuwa zimejipanga pale, na shingo zake zilikuwa zinaingia ukungu na kutakata, kila moja kwa mwendo wake.

"Nakuja," nilimwambia. Nikatia simu mfukoni, nikazunguka kaunta.

"Hao si ndugu zako," muuzaji alisema.

"Wana ndugu zao."

Nikafungua ya kwanza, ikatoka harufu ya tumbaku. Ya pili ikatoa harufu ya sabuni ya mtoto mchanga, nikalia huku nikiendelea. Nilifungua rafu nzima, na yule mama hakunizuia. Nilidhani nimemshinda.

Nilipofika ya mwisho, iliyokuwa peke yake kwenye kona, nikamwona anarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Glavu alishazivua.

"Dada... hiyo sikuijaza mimi. Niliikuta."

Kizibuo kilikuwa kimeshazama. Hapo ndipo nikatazama vizuri. Kioo cha chupa ile hakikuingia ukungu hata mara moja. Kilichokuwa ndani hakikuwa kinatoa pumzi. Kilikuwa kinavuta... kinavuta tu.

Muuzaji akatoka mbio, mlango ukabamizwa nyuma yangu. Nikabaki peke yangu.

Nikaachia mkono. Kizibo hakikusimama. Kikaanza kupanda chenyewe, taratibu, kikilia kama bawaba kavu.

Nikakipiga konzi kirudi chini. Kikapanda tena.

Nikakunja mikono ya shati.

"Haya," nikasema. "Toka, tuonane."