Makubadhi Barazani kwa Bi Thuwaiba

Saa moja asubuhi, Ijumaa.

Chumba cha nyuma, ghala la ng'onda, mtaa wa Malindi, Unguja. Harufu ya papa mkavu ilikaa kooni. Khelef alichuchumaa, akachora nyumba sakafuni kwa kipande cha mkaa.

"Meli ya Wajerumani imeshatia nanga. Wageni watatembezwa mji, saa tisa wanarudi melini. Simai, chukua mmoja. Mzee, asiye na mke wala mtumishi."

"Naam."

"Saa sita u nusu mpeleke Shangani, kwa Bi Thuwaiba. Ajuza yule hamfungulii mtu, ila mgeni wa melini anayetaka kuona sahani zake za ukutani. Wanaume wa nyumba watakuwa msikitini. Hakikisha. Kisha rudi mlangoni ujifanye unapanga viatu."

Khelef alivua makubadhi yake, akayaweka chini, ncha zikitazama ndani.

"Hivi, tunangoja." Akayageuza. "Ncha nje, tunaingia. Kasha la dhahabu liko juu. Bibi na mgeni tunawafunga kamba. Basi."

Matar, mtu wa kisu, alichekea puani. "Mtumbatu huyu atakumbuka ndani na nje?"

"Mimi ntakumbuka," alisema Simai. "Wewe kumbuka kuoga. Papa hawa wanadhani wewe ni mwenzao."

Khelef hakucheka. Miaka miwili nyuma, gerezani, alichapwa viboko kumi vilivyokuwa vya Simai. Hakuwahi kuvitaja. Simai hakuwahi kuvisahau.

Saa nne.

Mgeni aliitwa Don Rafaeli, Mhispania wa Malaga, mji wa pwani. Simai aliwahi kuchochea makaa katika meli za Wareno, na Kireno chake kibovu kilitosha. Alimwonyesha jumba la Beit-el-Ajaib na saa yake, kuta za ngome, mnada wa samaki. Mzee alitaka kuonja kila kitu. Pweza wa kuchoma. Mkate wa mofa. Haluwa ya moto, ambayo alipoitia kinywani alifumba macho.

Kila alichonunua alikikata vipande viwili, na kipande kikubwa alimpa Simai. Mara ya kwanza Simai alidhani amekosea. Mara ya nne hakudhani tena.

"Kwetu," alisema mzee, "dagaa tunawatunga kijitini, kijiti tunakichomeka mchangani kando ya moto mpaka waive. Mke wangu alikuwa anakaa upande usio na moshi. Moshi wote ananiachia mimi." Akatabasamu. "Ameshakufa. Sasa nnatembea miji kwa macho ya watu wawili."

Saa tano u nusu.

Sokoni, bega lilimgonga Simai. Matar.

"Kamba hakuna," alinong'ona. "Khelef kabadilisha. Aliyetuona asibaki."

"Na bibi?"

"Bibi hana ulimi?"

Akapotea katikati ya matenga ya machungwa.

Saa sita u nusu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Simai alivua makubadhi barazani. Mzee alimtazama, akaketi, akavua viatu vyake vizito bila kuambiwa. Nyumba ilikuwa kimya. Wanaume wote wameondoka, kama Khelef alivyosema. Simai aliyatazama makubadhi yake. Ncha ndani.

Akayaacha hivyo hivyo. Akaingia, akakomea mlango.

Watangoja mpaka meli ilie. Baadaye Khelef atamuua, au hatamuua. Hilo ni la baadaye.

Juu, mzee alipita sahani moja moja, mikono nyuma, kama mtu anayewaamkia watu. Bi Thuwaiba alishuka. Alikawia. Akarudi na dele la kahawa linalofuka moshi.

"Viatu vyenu nimevigeuza, mwanangu, mkitoka mtie miguu tu. Na mlango nimeuacha wazi. Peke yangu hukomea, mgeni hakomewi."

Simai alisikia ngazi ikilia.

Matar alitangulia, jambia mkononi. Simai alimpokonya bibi dele, akammwagia Matar usoni kahawa yote. Ngozi ikavimba palepale. Matar alipiga ovyo, jambia likamchana Simai bega. Simai alimpiga teke la kifua. Matar akaanguka kinyumenyume, kisogo kikagonga kidato hadi kidato. Chini hakuinuka.

Khelef alikuwa amemshika mzee nywele, kisu shingoni.

"Unatuita, kisha unatupiga?"

"Sikuwaita."

"Nilikula viboko vyako, Simai."

"Nnajua."

Simai akakishika kisu kwa makali yake. Vidole viwili vikadondoka mkekani. Hakuachia. Wakaanguka wote ukutani, sahani zikawamwagikia. Mkono wake mzima ukapata kigae, akakizamisha chini ya taya la Khelef. Damu ilimjaa mpaka kiwiko. Khelef alimkazia macho, kama anayengoja jibu, mpaka macho yakaacha kungoja.

Saa saba u nusu.

Nyumba ilijaa watu wa msikitini na askari. Don Rafaeli alikuwa ameufunga mkono wa Simai kwa leso ya shingoni. Alimnyooshea Simai kidole mbele ya askari, kisha akaweka kiganja kifuani.

"Basi huyu kawaokoa," alisema askari mkubwa. Muhiddin, mpwa wa Bi Thuwaiba, alitazama ngazi, akauliza, "Na nani kawafungulia majambazi?"



"Mimi," alisema Bi Thuwaiba. "Mlango nliufungua mimi. Roho hizi mbili ziko shingoni mwangu."

Akaanza kulia bila sauti. Simai alimtazama mara moja, akashindwa.

"Siyo, Bi. Walikuja na mimi. Mimi mwenzao. Viatu vilikuwa alama yetu, nawe hukujua."

Pingu zilifungwa juu ya ile leso.

Nje jua lilikuwa utosini, na mawe ya njia yanaunguza. Askari alimsukuma Simai peku.

"Ngoja," alisema Bi Thuwaiba mlangoni. "Vaa, mwanangu. Mawe yana moto."

Makubadhi yalikuwa pale pale, ncha nje, kama bibi alivyoyageuza. Simai hakuhitaji kuinama.

Akatia miguu.