Mashine Iliyokausha Tangi la Ntalikwa

Asubuhi ya Jumatano moja, Septemba 1984, shule yetu ya bweni karibu na Ntalikwa iliamka bila maji. Tangi lilikuwa kavu. Kitalu cha tumbaku cha shamba la Ujamaa kilikuwa bwawa, na vyura walikwisha hamia.

Mkuu wa shule hakuona haja ya upelelezi. "Nassibu ndiye mwenye zamu ya kufuta ubao. Leo anafukuzwa."

Sajini Apolinaria wa polisi alifika saa tatu kwa baiskeli. Alianza na Masolwa, mwanafunzi aliyemwaga maji yote.

"Kwa nini hukuacha?"

"Nilikuwa mashine, Afande."

Mwalimu Wenceslaus ilimbidi aeleze. Alifundisha C, lugha ya kuamuru kompyuta. Kompyuta shule haikuwa nayo, basi wanafunzi ndio walikuwa kompyuta: jioni walimwagilia kwa kufuata ubao, na mashine iliyothubutu kufikiri ilirudia zoezi. Akamwandikia Sajini amri za jana:

ndoo = 0;
while (ndoo < 20) {
    mwagilia();
    ndoo = ndoo + 1;
}

"While ni 'maadamu'. Maadamu ndoo ni chini ya ishirini, rudia yaliyomo ndani ya mabano. Kila mzunguko hesabu huongezeka moja. Ikifika ishirini, mashine huacha."

Masolwa akamnong'oneza Sajini: mstari wa kuongeza hesabu hakuukuta ubaoni.

"Usimwambie mtu," Sajini alisema, akamwita Nassibu.

"Ni wewe uliyetia chumvi kwenye chai ya mkuu?"

"Sukari imeadimika, Afande. Nilitafuta mbadala."

"Na ubao?"

"Niliufuta wote Masolwa alipomaliza. Kabla ya hapo sikuugusa. Nichezee maji? Hata uso sijanawa!"

Kitaluni, mbele ya mkuu na Nassibu, Sajini aling'oa mche. Kingo za majani zilikuwa za kahawia, zimeungua. Mwalimu Bernardo wa kilimo alisimama kando akisikitika.

"Mambo ya mashine mimi siyajui, Sajini. Lakini kijana asingefuta ule mstari wa kuongeza, ndoo isingebaki sifuri mpaka tangi likauke."

"Wa kuongeza? Nani kakutajia, Mwalimu?"

Bernardo akageukia miche.

"Mkuu amekwambia ubao ulichezewa, basi; mstari gani, tunaojua ni Masolwa na mimi tu. Na hii miche: maji huozesha, hayaunguzi. Iliungua kabla ya jana."

Bernardo akaketi kwenye tuta lenye tope, suruali ya kaki na yote.

"Mbolea," alisema. "Nilizidisha. Wakaguzi wa mkoa wanakuja Ijumaa, nikafuta mstari ili maji yafiche kosa. Nilijua lawama itamwendea huyu mtundu."

Mkuu wa shule alikohoa. "Nassibu, nenda darasani."

Nassibu hakusogea. "Shikamoo, Mwalimu. Nimefukuzwa mbele ya shule nzima, kwenye mstari wa asubuhi."

"Marahaba. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nasubiri kengele ya mstari."

Mkuu alimtazama Sajini, Sajini akatazama vyura. Saa nne na nusu kengele ililia, shule nzima ikapanga mstari, na kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, mkuu wa shule alisema, "Nilikosea."