Koti la Kanisa

Jumamosi asubuhi, soko la mtaa wa Kenya mjini Lubumbashi halina adabu. Wauza mitumba wanamwaga marobota chini na kupayuka bei, na mteja mwenye aibu hurudi kwao mikono mitupu. Siku hiyo, katikati ya rundo, lilichomoza koti la bluu iliyokolea, bitana yake nzima na vifungo vyote mahali pake. Mikono miwili ikalidaka kwa pamoja.

Mkono mmoja ulikuwa wa Godefroid Nkandu, kijana mrefu mwenye mabega mapana na weusi wa makaa uliogoma kutoka kwenye kucha. Wa pili ulikuwa wa Léonie, binti wa kitenge cha manjano kilichoshonwa kubana kiuno, viatu vya kisigino vikipambana na vumbi, na harufu ya marashi iliyowafanya hata wauzaji wanyamaze kidogo.

"Acha, mama," Godefroid alisema. "Miye njo nilianza kuiona."

"Kuona haiko kulipa, papa." Léonie alikuwa tayari amempa muuzaji pesa.

"Ni ya bwana yako?"

"Ni ya babwana mingi!"

Wauzaji wakaangua kicheko. Godefroid naye akacheka, ingawa koti lilikuwa limeshakwenda. Alikuwa amelitafuta tangu alfajiri.

"Uliitaka ju ya nini?" Léonie akauliza, sasa kwa upole.

"Ju ya kuenda kuomba kazi. Na hii chemise yangu, hata mulinzi hanifungulie mulango." Akavuta shati lake lililochakaa.

Léonie akamtazama kuanzia juu hadi chini, bila haraka, na hakuchukizwa na alichokiona. "Basi kuya mardi ku kanisa yetu, kule Bel-Air. Tuko na programme, inaitwa Simama Uende. Koti utaivaa. Lakini utairudisha."

Ndivyo Godefroid, Mkatoliki wa kubatizwa, mjukuu wa mfanyakazi wa reli kutoka kaskazini ya Katanga, alivyojikuta Jumanne hiyo kwenye kanisa la Waprotestanti kwa ajili ya nguo. Wapo walioingia kanisani kwa sababu mbaya zaidi.

Simama Uende ilikuwa hivi. Maskini aliyetaka kazi alipewa mlezi, marraine au parrain. Mlezi aliomba naye, akamfundisha kufika mapema, kukaa wima, na kumtazama bosi machoni bila kumtisha. Nyuma ya madhabahu palikuwa na kabati la makoti. Siku ya kuitwa kwa mahojiano ulivaa mojawapo, na ukimaliza ulilirudisha likiwa limepigwa pasi. Kanuni ilikuwa wanaume walelewe na wanaume, ila muhula huo wanaume wa kujitolea walikuwa haba, na Mchungaji Mardochée akampa Léonie wanaume wawili, Godefroid mmoja wao. Mchungaji aliiona hatari. Akamwomba Mungu, kisha akaendelea.

Siku ya mazoezi, Léonie aliketi nyuma ya meza kama bosi, miwani puani. Godefroid akaketi mbele yake ndani ya koti la bluu, ambalo lilimkaa kana kwamba fundi alimpima yeye.

"Monsieur Godefroid, mu miaka tano, unajiona wapi?"

"Ku mulango ya kwenu," alijibu. "Na mbuzi ku kamba."

Darasa zima likapiga meza. Léonie ni wa ukoo wa Kasai, na kwa watu wa Kasai hakuna asiyejua mbuzi anatafuta nini kwenye mlango wa baba wa binti.

"Jibu ya kazi, Godefroid! Patron hakuulize mbuzi!" Alijaribu kukunja uso, uso ukakataa.

Kuanzia hapo simu ndizo zilizofanya kazi. Kila jioni, Godefroid akishashusha magunia ya makaa aliyoyabeba kwa baiskeli kutoka barabara ya Kasomeno, anaoga, anakaa juu ya ndoo nyuma ya nyumba ya mama yake kule Katuba, anapiga.

"Allô, patron wangu."

"Umekula, chéri?"

"Nilikula bukari ya mahindi na sauti yako ya jana."

"Mwongo weye! Sauti haishibishe."

"Njo maana napiga tena."

Alimpenda. Léonie naye alimpenda, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutaka kujua, alimwuliza habari za utoto wake. Jioni moja Godefroid akamwambia, sauti ikishuka, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Baba yake alipofariki, walitolewa kwenye nyumba ya kampuni. Njaa ikawakamata. Mama yake, Agnès, akawa anauliza kuna kilio wapi. Anafunga kitambaa, anawashika watoto mkono, anaingia kwenye msiba wa watu asiowajua, analia pamoja na wenyeji. Jioni sahani zikipita, watoto wanakula.

"Alilia kweli," Godefroid alisema. "Kila siku marehemu mupya. Nilimuuliza, mama, huyu alikuwa nani? Ananiambia, kula."

Léonie alilia kwenye simu. Hakuna mtu aliyewahi kumwamini hivyo, naye aliona moyo wake umejaa.

Ikafika Jumapili ya ushuhuda. Ni desturi ya programu: mwisho wa muhula kila mlezi anasimama na mwanafunzi wake mbele ya kanisa, anaeleza Mungu alimtoa wapi. Shimo likiwa refu, makofi yanakuwa mengi. Hakuna aliyeipanga desturi iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa, na kila mlezi alitaka mtu wake apigiwe zaidi.

Godefroid alisimama ndani ya koti la bluu. Mama Agnès alikuwa kiti cha mbele, kitenge kipya, mkoba mapajani, amekuja kuona mwanawe anaheshimiwa. Léonie akashika kipaza sauti. Alitaka watu wampende Godefroid jinsi yeye alivyompenda, na hakujua njia nyingine. Akaanza na makaa. Akaona watu wametulia. Akaendelea. Akasema vilio. Akasema sahani. Akasema, "Na ule mama eko hapa leo, amen?"

"Amen!" kanisa likaitikia.

Kwenye mstari wa nne mwanamke mmoja akageuka, akamtazama Mama Agnès kwa muda mrefu, kama anayekumbuka. Mama Agnès akafungua mkoba, akautazama ndani ingawa haukuwa na kitu cha kutazama, akaufunga.

Makofi yakawa ya mvua. Bwana mmoja mwenye bohari la unga, anayekaa mtaa wa matajiri wa Golf, akasimama huku akifuta machozi, akatangaza kuwa kijana huyu ana kazi kuanzia kesho. Haleluya zikapasua bati. Katikati ya kelele hizo Godefroid akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye ngazi ya madhabahu. Akamshika mama yake mkono, wakatoka.

Léonie akawakimbilia mpaka nje, viatu mkononi.

"Godefroid! Chéri, ni nini? Si kazi hii umepata?"

"Léonie, nilikuambia weye. Sikuambia kanisa."

"Ilikuwa ju ya kumutukuza Mungu!"

"Mungu alikuwa ku bile bilio. Alituona. Nani alikutuma kumukumbusha?" Sauti haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha Léonie. "Kuanzia leo, mama yangu ataingia tena ku kilio ya nani? Hata jirani akikufa, bantu batasema, anakuya kula."

Mama Agnès hakumtazama hata mara moja.

Kwa wiki nyingi simu ya Godefroid iliita bila kupokewa, halafu ikawa haiiti. Kazi ya bohari hakwenda kuichukua. Alirudi kwenye barabara ya Kasomeno na baiskeli yake. Mwanzoni Léonie alikasirika. Alijiambia kuwa ni kiburi cha maskini, kwamba mtu anapewa mkate anautupa kwa kuwa umeitwa mkate mbele ya watu. Lakini hasira ya Léonie haikuwa na miguu mirefu. Usiku haukumpa usingizi na chakula hakikumpa ladha. Mwisho akavaa kitenge cha kawaida na kandambili, akaenda Katuba kuomba msamaha.

Mama Agnès alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuacha kutwanga.

"Mama, nakuya kuomba pole. Nilikosa."

"Ulisema bongo?"

"Hapana, mama. Nilisema kweli."

"Njo vile. Ulisema kweli." Mtwangio ukapanda, ukashuka. "Lakini kweli ingine iko na mwenyewe, mutoto yangu. Haukuniomba. Haukumuomba mwana." Alitwanga mara kadhaa tena, kisha akaelekeza kidevu nyuma ya nyumba. "Eko kule. Mimi sikukufukuza."

Godefroid alikuwa anashona midomo ya magunia ya makaa. Alimwona, akaendelea kushona.

"Umekuya kutafuta ushuhuda ingine?"

"Nimekuya kukupa moja."

"Yako? Weye binti ya Papa Lucien, wa magasin ya pièces ya magari, wa kazi ya banki? Weye uko na nini ya kuficha?"

"Sina kazi."

Sindano ikasimama.

"Banki ilifunga contrat yangu tangu Pasaka," Léonie alisema, akitazama kandambili zake. "Papa hajue. Kila asubuhi navaa tailleur ya kazi, napaka marashi, namuaga, naenda kukaa ku kanisa mpaka saa bantu ba banki banarudia. Banafikiri niko mama ya roho muzuri, najitolea. Nafundisha bantu kupata kazi, Godefroid, na miye mwenyewe sina. Nilibisha milango yote ya mji. Sasa unajua. Siku ukitaka, kamata micro, sema."

"Ju ya nini unaniambia?"

"Ju sina kitu ingine yenye kuniuma vile. Ulinipa yako, nikaitupa mu bantu. Nakupa yangu."

Godefroid alimtazama. Kisha bega lake likaanza kutikisika. Akacheka mpaka akakaa juu ya gunia.

"Unanicheka!"

"Kumbe! 'Monsieur Godefroid, patron anapenda mutu mwenye kufika mapema!' Na weye ulikuwa unafika mapema ju hauna pa kwenda!"

Léonie alikusudia kukasirika. Badala yake akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, na Godefroid akampangusa machozi kwa kidole kilichomwachia mstari mweusi shavuni. Hakuna aliyesema samahani tena. Nyuma yao mtwangio ulikuwa umenyamaza, maana Mama Agnès naye ana masikio.

Mwezi uliofuata Godefroid alikwenda kwenye bohari la saruji upande wa Luano, akiwa na shati safi bila koti, bila mtu wa kumwombea kwa bosi. Alikaa wima. Alipoulizwa miaka mitano, alitoa jibu la kazi. Wakamchukua kuwa mtunza bohari.

Mchungaji Mardochée alipopata habari hakuweza kuvumilia. Akamwita tena siku ya ushuhuda. Godefroid alikubali, na Léonie akajua siri aliyokuwa nayo mfukoni. Akaketi akiwa ameshika kiti kwa mikono miwili, baba yake, Papa Lucien, mbele yake mistari miwili, suti ya kijivu na kofia juu ya goti.

"Niko na kazi," Godefroid alisema. "Namushukuru Mungu. Asanti."

"Hapana, hapana, ndugu!" Mchungaji akamrudishia kipaza sauti. "Na marraine wako? Elezea bantu, Mungu anamutumikisha namna gani!"

Kanisa likainama mbele kusikiliza. Godefroid akamtazama Léonie, jicho lake halikuwa na kisasi wala mzaha.

"Marraine wangu eko mutu muzuri," alisema. "Mambo yake ingine iko na mwenyewe."

Akashuka. Makofi yalikuwa machache, maana watu walikuwa wamezoea mashimo marefu. Ndipo mwenyewe akasimama. Hakwenda mbele, hakuomba kipaza sauti.

"Papa," Léonie alisema, "sina kazi. Tangu Pasaka."

Papa Lucien akageuka polepole kwenye kiti.

"Na kila asubuhi ulikuwa unaendaka wapi?"

"Hapa, papa. Ku kanisa."

Mzee akaigeuza kofia juu ya goti. "Binti ya mwingine," alisema mwishowe, "anadanganya anaenda ku kanisa, kumbe eko ku bar. Wangu anadanganya anaenda ku kazi, kumbe eko ku kanisa. Kaa chini, mama. Tutaongea nyumbani." Kanisa likaangua kicheko, na Léonie akaketi, mwepesi kuliko alivyokuwa tangu Pasaka.

Jioni hiyohiyo simu ikalia jikoni kwao.

"Allô, mademoiselle Léonie? Tuko na entretien ya kazi. Kaa muzuri."

"Godefroid, niko napika."

"Patron hangojeake sufuria. Jitambulishe."

"Naitwa Léonie. Niko chômeuse, sina kazi, nilidanganya papa yangu..."

"Usianze na shimo. Anza na kile unajua kufanya."

Léonie akakoroga sufuria kwa mwiko. "Najua hesabu. Najua kufundisha bantu. Najua kuomba pole, hata kama ni nyuma ya wakati."

"Bien. Na mu miaka tano, unajiona wapi?"

Akapunguza moto. Akafuta mkono kwenye kitenge.

"Mu nyumba yako."

Upande wa pili Godefroid akasukuma sahani kando, akasema, "Iyo haiko jibu ya kazi."

"Na miaka tano ni mingi, chéri. Lete mbuzi."

Simu ya Godefroid ilikuwa imefunguliwa sauti yote, juu ya meza, karibu na sahani. Mama Agnès, aliyewahi kulilia wafu wa watu asiowajua, akatupa kijiko na kupiga vigelegele mpaka jirani wakatokea uani wakiuliza kuna arusi ya nani.

"Ingieni, mukule," aliwaambia. "Hii ni ya kwetu."