Chupa Isiyo na Lebo

Aliyepatwa na haya ni shemeji yangu, dereva wa lori la manispaa. Mtu mcheshi, mpenda maneno, lakini ukimgusia habari ya ile stoo anainuka anakwenda zake. Ilinichukua muda mrefu kumtoa maneno haya mdomoni.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Jumamosi, jua limetoka, foleni imeshapangwa kwenye ua wa manispaa tangu saa mbili asubuhi. Kila baada ya miezi mitatu hupokelewa pale taka za sumu kutoka majumbani: makopo ya rangi iliyoganda, betri za redio, taa ndefu zilizoungua, dawa za mende zilizosahaulika chini ya sinki. Mama mmoja alileta galoni la tindikali alilolikuta kwenye vitu vya marehemu mumewe, akasema, "Alinisumbua akiwa hai, na amekufa bado kaniachia mzigo." Foleni nzima ikacheka.

Shemeji naye alicheka, ila cheko halikushuka moyoni. Macho yake yalikuwa kwenye meza ya kupokelea, pale alipokuwa akikaa Mapua.

Mapua lilikuwa jina la utani tu, na mwenyewe alilipenda. Alikuwa binti mchambuaji wa taka. Utaratibu unasema chupa isiyo na lebo haifunguliwi. Inawekwa kando mpaka ipimwe kwa karatasi maalumu. Karatasi hizo zilikuwa zimekwisha siku nyingi, na msimamizi hakujisumbua kuagiza nyingine. Za nini, na yeye ana pua ya bure? Mapua alikuwa akilegeza kifuniko, anavuta hewa kidogo, anasema "thina", au "mafuta ya taa", au "dawa ya kupe", wanaandika, foleni inasonga. Msimamizi mwenyewe walimwita Chapchap, maana neno hilo halikumbanduka mdomoni kutwa nzima. Mbele ya wakubwa alitamba kwamba hakuna kituo chenye kasi kama chake.

Mwaka mmoja kabla ya Jumamosi hiyo, ililetwa chupa ya soda yenye kitu cheupe kama maji. Mapua aliikataa. Alisema roho yake haiitaki, iwekwe kando. Chapchap akamwambia, "Nusa tu. Watu wanangoja."

Shemeji alikuwa hatua tatu kutoka pale, alisikia kila neno. Mapua alinusa. Alianguka palepale, na siku ya tatu akafia hospitalini akiitafuta pumzi asiipate. Halafu, sikia unyama wa binadamu, ikaandikwa ripoti kwamba marehemu alifungua chupa kwa ukaidi wake, baada ya kukatazwa. Chapchap akatia sahihi. Shemeji naye akatia ya pili kama shahidi, kwa sababu aliambiwa lori lile lina madereva wengi wanaolimezea mate. Ripoti ikasomwa msibani, mama mzazi wa Mapua ameketi mbele anasikiliza. Bibi wa watu akainamisha uso. Akamzika mwanawe na aibu juu yake, na tangu siku hiyo shemeji hakuweza kupita mtaa ule.

Baada ya Mapua hakuna mfanyakazi aliyekubali kukaa kwenye ile meza. Ndiyo maana Jumamosi hii Chapchap aliketi mwenyewe, amenuna.

Saa tano hivi akauliza, "Nani kaleta hii?"

Mezani palikuwa na chupa ya soda. Haina lebo. Fundi redio aliyekuwa mbele ya foleni akasema yeye kaleta betri tu, hiyo chupa kaikuta. Chapchap akamwita shemeji. "Peleka stoo. Chapchap."

Shemeji aliishika kwa glavu. Hata hivyo alihisi kifuniko kina joto, joto la kiganja cha mtu. Akaiweka rafuni, akafunga mlango kwa ufunguo, akarudi uani.

Chupa ilikuwa mezani.

Chapchap aliitazama, kisha akamtazama shemeji. Midomo ilikuwa imemkauka. "Mnanifanyia mchezo," alisema. Akaikwapua chupa, akaenda stoo mwenyewe kwa hasira, shemeji nyuma yake na ufunguo. Akafunguliwa, akaingia. Kabla shemeji hajavuka kizingiti, mlango ukajifunga.

Akausukuma. Haukwenda. Akaingiza ufunguo, ukazunguka bure, haushiki kitu.

Ndani Chapchap alikohoa. Kisha ikasikika sauti ya mwanamke, ya chini, yenye pumzi fupifupi.

"Mwambie mama ukweli."

Shemeji aliijua sauti ile. Ilikuwa ya Mapua.

"Ulifungua mwenyewe," Chapchap alisema.

"Mwambie mama."

"Ulifungua mwenyewe. Ripoti ipo."

Alikuwa analia, shemeji anasema, analia kabisa kama mtoto. Neno moja tu lingemwokoa. Hakulitoa.

"Basi nusa tu," ile sauti ikanong'ona. "Watu wanangoja."

Kifuniko kikafunguka kwa mlio. Mtu akavuta pumzi. Akaivuta. Akazidi kuivuta. Haikurudi nje.

Kisha nyayo. Polepole. Zinakuja mlangoni. Zikasimama upande wa pili wa ubao, karibu na uso wake.

"Na wewe, dereva?"

Shemeji aliegemeza paji la uso mlangoni akasema yote, kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia. "Alikataa. Alilazimishwa. Nilikuwepo, nikatia sahihi uongo. Nisamehe, dada yangu." Akarudia mara tatu, machozi yanamtiririka, na watu wazima wakamwangalia bila kusogea.

Mlango ukafunguka wenyewe. Chapchap alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye pipa, kifua kimetuna, amekufa. Humo ndani hapakuwa na harufu yoyote. Chupa ilikuwa rafuni, imekazwa.

Mchana huohuo shemeji alikwenda kwa yule mama na nguo zake za kazi. Alimkuta uani, kiti cha pili kimeshawekwa. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akalia, akafuta uso. "Niliambiwa asubuhi nikuwekee kiti," akasema.

Ripoti iliandikwa upya, ikasomwa mbele ya majirani walewale. Mimi nitasema wazi, Chapchap simwonei huruma, na sijui kama ninakosea.

Ikabaki chupa. Wapimaji walisema haina kitu, tupu kabisa, ila ukiitazama kwa makini kioo kinaingia ukungu kwa ndani, kinatakata, kinaingia tena. Hakuna aliyethubutu kuifungua. Wakaitia kwenye boksi, wakaipakia na taka nyingine kwenda kwenye tanuri la kuchomea sumu, safari ya kutwa nzima kwa lori. Baada ya wiki boksi likarudishwa, limefungwa vilevile, na karatasi juu yake yenye sahihi ya mkuu wa tanuri: "Tumeirudisha. Sisi hatuchomi kinachopumua."