Vumbi Lililofutwa

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Sia alichukua kitambaa na kipande cha boksi akamfuata baba yake nyuma ya nyumba. Huko ndiko kijiko, mashine ya kuchimbia, kilikolala. Kilikuwa kijiko kifupi, kinene, kinachotembea kwa mikanda ya mpira badala ya magurudumu, na watoto wa mtaa wa Kimandolu walikipenda utadhani ni mnyama wa kufugwa. Mwenyewe alikuwa Mzee Saadi, mfanyabiashara wa mjini. Alikinunua kikiwa kimetumika, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye uwezo akaanza kujenga.

Aliyekiendesha ni baba yake Sia, fundi Manase. Zamani alikuwa dereva wa greda katika shirika la umma. Shirika likauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akabaki nyumbani muda mrefu, hana la kufanya wala hamu ya kuongea. Kijiko hiki ndicho kilichomrudishia kicheko chake, na mikono yake ndiyo iliyolisha nyumba nzima.

Kazi ya asubuhi waligawana. Manase alipima oili ya injini na kukagua mikanda. Sia alikagua mipira ya haidroliki, ile mirija myeusi inayopitisha oili ya kunyanyulia mizigo na kuendeshea nyundo ya kuvunjia mawe. Alikagua pia kapla, yaani viungio vya chuma vinavyounganisha mipira ya nyundo na mashine. Alivipangusa mchanga, na visipotumika akavifunika vifuniko vyake.

"Mimi naona mpaka kileleni Meru," Manase alizoea kusema, "lakini kilicho puani sikioni. Wewe ndiye macho yangu ya karibu, mama."

Alimfundisha vizuri. Injini iwe imezimwa. Usipapase mpira kwa mkono hata siku moja. Pitisha boksi, kama unavuja, boksi litalowa. Na uangalie vumbi. Mpira mkavu ukiupuliza, vumbi lake hupeperuka. Palipovuja oili, vumbi hunata.

Ubavuni mwa kijiko palikuwa na picha ya mkono uliotobolewa na mstari mwembamba. Siku ya kwanza tu Sia aliiulizia.

"Hiyo ni oili," Manase alimjibu. "Ikitoka kwenye tundu dogo kwa nguvu, inapenya ngozi. Aliyepigwa hivyo haendi nyumbani kulala, mwanangu. Anakimbizwa hospitali."

Basi likizo ya Desemba ilipofika, Sia alikuwa na jambo moja tu kichwani: Momela. Aliyemtia hamu hiyo ni Nosim, rafiki yake wa mtaa wa Sekei, aliyekwenda na mjomba wake akarudi na maneno mengi kuliko redio.

"Ziwa zima limejaa ndege, heroe wa waridi mpaka macho yanauma!" Nosim alisema. "Na twiga wanapita hivi, hawana habari na wewe. Yaani wewe umezaliwa chini ya Meru na hujafika Momela? Aibu gani hii, mwenzangu!"

Sia alimsumbua baba yake mpaka akakubali. Wiki hiyo Manase alikuwa akivunja mwamba kwenye kiwanja cha jirani, pajengwe nyumba ya ghorofa. "Tukiumaliza kabla ya Jumamosi, Mzee Saadi atatuazima pikapu," alisema. "Momela tutakwenda wote, na mama yako."

Jumanne asubuhi Sia aliinama kwenye mpira wa nyundo. Karibu na kapla aliona doa jeusi. Vumbi lilikuwa limenata hapo kama ukoko kwenye sufuria. Alilipuliza, halikutikisika.

Mpira mpya ulikuwa lazima uagizwe Nairobi. Kijiko kingesimama, mwamba usingekwisha, na Jumamosi ingepita hivihivi. Sia alitazama huku, akatazama kule. Akachukua kitambaa, akalifuta lile doa mpaka mpira ukang'aa.

"Vipi huko, mama?" Manase aliuliza kutoka upande wa pili.

"Pakavu, Baba."

Haya! Neno limetoka, na neno likishatoka halirudi. Jumatano doa lilikuwa limerudi, kubwa zaidi, akalifuta tena. Alhamisi hakutaka hata kulitazama vizuri. Alifuta amefumba macho, akasema "pakavu" kabla hajaulizwa.

Ijumaa asubuhi mama yake, Agnela, alimtuma kiwanjani na chupa ya chai. Mwamba ulibaki kipande. Nyundo ilikuwa inagonga kivivu, haina nguvu. Manase alishuka, akaiacha injini ikinguruma. Mpira ameambiwa ni mkavu, basi alidhani kapla haijakaa sawasawa. Akaupeleka mkono kuisukuma.

"Aa!" Aliurudisha mkono haraka. "Waya wa mpira huu umenichoma."

Mipira ile ina nyaya ndani yake, na ikizeeka nyaya huchomoza. Kila fundi amewahi kuchomwa. Lakini Sia alikuwa amesimama upande wa jua, na macho yake ni ya karibu. Aliona uzi wa oili, mwembamba kama unywele, ukiruka kutoka palepale alipokuwa akifuta. Ulikwenda moja kwa moja kwenye kidole cha shahada cha baba yake.

Manase alizima injini, akautazama mkono. Palikuwa na nukta tu, hata damu haikutoka. "Mimina chai," alisema.

Sia alimimina, nyingine ikamwagika chini. Ile picha ya mkono uliotobolewa ilimkodolea macho kutoka ubavuni mwa kijiko. Sema, Sia. Sema sasa! Akampa baba yake kikombe. Akisema oili, ataulizwa ilivuja tangu lini.

Kabla ya adhuhuri kidole kilikuwa kimevimba na kuwa kigumu, ncha yake nyeupe, haina hisia. Maumivu yalipanda mpaka kwenye kiwiko. Manase, mwanaume asiyelalamika, alirudi nyumbani akakaa kitandani akiuma shuka. Agnela hakungoja zaidi. Alimshika mkono mzima akamtoa nje, Sia akiwafuata nyuma. Alitaka ardhi ipasuke immeze.

Zahanati haikuwa mbali. Daktari Maulida, mwanamke wa makamo aliyejitanda mtandio wa bluu, alikishika kidole taratibu.

"Kilichokuchoma ni nini, Baba?"

"Waya, daktari. Waya wa mpira wa mashine."

"Una hakika?"

"Waya tu. Mpira wenyewe mkavu, tunaukagua kila siku. Binti yangu huyu ndiye mkaguzi."

Alisema hivyo kwa fahari, jasho likimtiririka. Sia akahisi kama amepigwa kofi. Daktari alianza kuandaa sindano ya pepopunda na dawa ya kusafishia kidonda, maana waya ndivyo unavyotibiwa. Halafu wangerudi nyumbani, na baba yake angelala na ile oili ndani ya mkono.

"Si waya!" Sauti ilimtoka Sia kwa nguvu hata mama yake akashtuka. "Ni oili, daktari! Nimeiona ikiruka. Mpira unavuja tangu Jumanne, mimi nilikuwa nafuta. Nilisema pakavu, nilidanganya. Nilitaka twende Momela. Baba, usife! Naomba usife!"

Agnela aliziba mdomo kwa khanga. Manase alimtazama mwanawe, kisha akautazama mkono wake, na hilo lilimuuma Sia kuliko fimbo.

Daktari Maulida aliiweka sindano chini. "Oili yenye nguvu ya mashine? Basi hapa si pa kusafisha juu juu. Tundu ni dogo, lakini ndani oili inasambaa na kuharibu nyama. Anatakiwa kupasuliwa leo hii hii, vinginevyo atapoteza kidole, au mkono wote. Nani ana gari?"

Sia hakusubiri kutumwa. Alikimbia hadi kiwanjani, alikomkuta Mzee Saadi akiuliza kwa nini kazi imesimama. "Shikamoo, Mzee, baba anapoteza mkono!" alisema, hata marahaba hakuingoja. Mzee Saadi akarukia usukani. Hivyo ndivyo Sia alivyopanda ile pikapu, nyuma, ameshikilia miguu ya baba yake, kuelekea hospitali kubwa.

Walikaa kwenye benchi mchana kutwa. Agnela alisali, akasali tena. Sia aliuliza, "Mama, utanisamehe?" Agnela akamvuta kifuani na kusema, "Nimekasirika sana, Sia. Kaa hapa hapa karibu yangu." Wakalia pamoja.

Jioni, jua halijazama, daktari mpasuaji alitoka. Mkono umeokolewa. Kidole kitabaki, ila huenda kisikunjike kama zamani. "Mngengoja mpaka kesho," alisema, "tungekuwa tunazungumza mengine."

Manase alirudi kazini mvua za masika zilipokwisha. Mpira mpya ulikuwa umefungwa, na kile kidole kilisimama peke yake kila aliposhika vishikio vya kuendeshea. Asubuhi ya kwanza alimpa Sia kipande cha boksi. Sia akakitazama, asikipokee.

"Bado unaniamini, Baba?"

"Chukua. Macho yangu hayajabadilika."

Mwamba mwingine ulianzwa, na Mzee Saadi akaahidi tena pikapu kwa Jumamosi. Alhamisi Sia aliinama kwenye mpira wa upande wa pili, ule wa zamani. Alipuliza. Vumbi lilikuwa limenata, doa dogo kama punje ya mtama. Kitambaa alikuwa nacho mkononi. Alikitupa mbali.

"Baba! Huku pana oili. Mpira huu unavuja."

Manase alikuja, akapitisha boksi, akaliinua juani akiwa amekunja uso. Kisha akachomoa ufunguo wa kijiko, akautia mfukoni.

"Kazi imesimama," alisema. "Nitamwambia Mzee Saadi mwenyewe."

"Na Momela?"

"Momela iko palepale, haihami." Akamwekea begani ule mkono wenye kidole kisichokunjika. "Nami nilikosea siku ile, kupeleka mkono injini ikinguruma. Haraka ilinishika kama ilivyokushika wewe. Lakini sikia, mwanangu: ubovu ukionekana unatengenezeka. Ukiufuta ili usionekane, unaendelea kula ndani, na atakayeumia ni yule anayekuamini. Ukiona doa, sema, hata kama litakunyima unachokitaka."

"Nimesikia, Baba."

"Haya, twende tukanywe chai. Leo nina nafasi ya kukaa nawe."