Majani ya Upande wa Alunguli

Kila asubuhi Bénie alivua viatu vyake, akakunja pagne yake, kitenge cha buluu, juu ya magoti, akaingia katika mtumbwi wa Papa Djuma na kuvuka mto Lualaba kutoka Alunguli kwenda kufundisha upande wa mjini. Siku ile mtumbwi ulifika karibu kabisa na bandari ya Kindu, ukasimama. Papa Djuma alichoma kasia chini, lisifike kwenye maji. Magugu yenye maua ya zambarau, mazuri ya kudanganya, yalikuwa yamewazunguka na kuanza kuwarudisha polepole katikati ya mto.

"Mutulie," Papa Djuma alisema. Sauti yake haikuwa imetulia.

Bandarini, kati ya wauza mawese na wapakiaji waliokuwa wakigombana, kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi aliwatupia kamba.

"Shika, mwalimu."

"Umejuaje niko mwalimu?"

"Unakumbatia madaftari kama mutoto muchanga. Shika kamba, tutaongea ukifika."

Huyo alikuwa Okito, ajenti wa ofisi ya mto, ile ofisi ya serikali iliyopewa kazi ya kusafisha maji ya bandari. Baada ya wiki moja alikuwa na namba ya simu ya Bénie. Baada ya miezi miwili simu yake ilikuwa ikilia kila jioni.

"Umekula nini, mupenzi?"

"Sombe."

"Bila miye?"

"Weye unakula sana. Mama atafunga mlango."

"Nitapita dirishani."

Bénie alicheka huku ameziba mdomo, maana mama yake alikuwa chumba cha pili.

Lakini majani yale ya mtoni yalizidi. Kila Jumamosi, siku ya salongo, kazi ya usafi ya watu wote, watu wa mjini waliyakata kwa mapanga mbele ya bandari na kuyasukuma kwa miti hadi katikati ya mto. Kufika jioni mkondo ulikuwa umeyaleta yote Alunguli. Adolphine, mama yake Bénie, aliyatazama akakumbuka. Mwaka 2002, vita ilipofunga mto na meli zikaacha kupita, majani yalijaa hivi hivi. Mume wake alikwama ndani yake mchana kweupe, risasi zikivuka juu ya maji, na hakuna aliyethubutu kumtupia kamba. Adolphine alisimama ufukoni akamwona akizama. Bénie, wa miezi minane, alikuwa mgongoni mwake.

Siku moja Bénie alisoma rapoti iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mto: magugu yote yameondolewa majini. Chini yake palikuwa na sahihi ya Okito. Alimpigia simu pale pale.

"Yameondolewa kwenda wapi?"

Okito alishusha sauti. "Kwa makaratasi, Alunguli haiko bandari. Iko ufuko tu. Serikali inahusika na bandari. Shefu wetu Godefroid aliniambia niweke sahihi."

"Na sisi, nani anahusika na sisi?"

"Usikasirike, Bénie."

"Sikasiriki," alisema, akakata. Kwa siku kumi na mbili hakupokea simu yake.

Siku ya kumi na tatu mgeni wa serikali ya jimbo alitazamiwa bandarini saa sita, kwa hiyo ofisi ya mto iliyasukuma majani tangu alfajiri. Bénie hakuwa na darasa siku hiyo; alikuwa ufukoni Alunguli akimngoja mama yake atoke sokoni mjini. Aliliona lile fungu la kijani, pana kuliko uwanja wa mpira, likienda bila sauti hadi likauzingira mtumbwi wa Papa Djuma. Humo ndani mama yake Bénie alikaa wima, mikono juu ya magoti. Hakuita msaada. Alikwisha kujifunza zamani kwamba msaada hauji.

Bénie alimpigia Okito simu. "Mama yangu," alisema, "amekwama katikati ya majani."

Okito hakuomba ruhusa. Aliwasha mashua ya ofisi, akaielekeza katikati ya mto. Mizizi ilipoikamata injini, alijifunga kamba kiunoni, akawatupia ncha ya pili wavuvi waliokuja na mitumbwi yao, akatandaza mbao juu ya majani na kutambaa kwa tumbo. Aliwavuta mmoja mmoja, Adolphine kwanza, halafu Papa Djuma. Nyuma yao mtumbwi ulizama, majani yakajifunga juu yake kana kwamba hapakuwa na kitu. Wavuvi wa Alunguli waliivuta kamba hadi nchi kavu.

Godefroid alifika na mashua ya mgeni, suti yake ikiwa kavu kabisa.

"Nani alikuruhusu kuchukua mashua? Hapa haiko bandari. Mambo haya hayatuhusu."

"Yanatuhusu, Shefu." Okito alikuwa na matope hadi kifuani. Alisema kwa sauti, watu wote wasikie. "Asubuhi hii niliyasukuma mimi mwenyewe. Niliandika yameondolewa, nikadanganya. Kuyatoa majini ndiyo kazi ya serikali, upande ule na upande huu."

"Kesho usikuje kazini."

"Sawa."

Watu walimsindikiza Adolphine nyumbani. Bénie alibaki, akaketi kando ya Okito kwenye mchanga uliolowa. Kule juu ya mto, penye kona, kisiwa kingine cha kijani kilikuwa kimeanza kuonekana.

"Kinakuja," Okito alisema.

"Nakiona."

"Sasa sina kazi, Bénie."

Bénie alimfungua kamba iliyobaki kiunoni. Kisha aliinua macho.

"Nilikasirika," alisema. "Nilikasirika kwa sababu nakupenda. Lete wazee wako kwa mama. Wakiniuliza, nitasema nakutaka."